Picha ya babu imechakaa: Photoshop, GIMP, Photopea au akili mnemba?

Watu wengi wanaoleta bahasha za picha za zamani studio huja na jina la programu tayari. Wamelisikia kwa jirani au wamekutana na tangazo kwenye simu, na wanachotaka ni kuthibitishiwa kwamba ndiyo nzuri. Mimi huomba kuiona picha kwanza. Iliyoliwa na mchwa, iliyogandia kwenye kioo cha fremu na ya harusi iliyogeuka nyekundu zote huitwa "picha zilizochakaa", lakini programu inayoiweza moja hukwama kwenye nyingine. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa uharibifu.

Wanaoshindanishwa ni Photoshop, GIMP, Photopea, Snapseed ya simu, na kundi la akili mnemba: Remini, MyHeritage, na zile za kujisakinishia kama GFPGAN na CodeFormer. Wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja kuna zana zinazochukua kilichobaki kwenye picha ileile na kukihamishia palipoharibika. Upande wa pili kuna zana zinazobuni. Photoshop ya siku hizi ina miguu kote kuwili. Ukuta au majani yakibuniwa hakuna atakayelalamika. Uso ni habari nyingine.

Kwanza skana

Hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho skana haikukichukua. Steshenari nyingi hapa Dodoma, za Majengo na zile za jirani na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), zina mashine moja ya kuchapa, kutoa kopi na kuskani, na mara nyingi imewekwa itoe PDF ya dpi (nukta kwa inchi) 200 au 300 kwa sababu kazi yake ya kila siku ni vyeti na barua. Mwombe kijana wa mashine akubadilishie: dpi 600 kwa picha ya kawaida ya albamu, dpi 1200 kwa picha ndogo ya paspoti, hali ya rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, na faili liwe TIFF au PNG, aina zisizopunguza ubora.

Hesabu yake ni hii. Paspoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa dpi 1200 inatoa pikseli kama 1650 kwa 2125, zinazotosha kuchapa sentimita 14 kwa 18 kwa ubora wa dpi 300. Ikiskaniwa kwa dpi 200 unapata pikseli kama 275 kwa 354 tu. Hapo ndipo watu wanapokimbilia akili mnemba kutafuta uso ambao kwenye karatasi ulikuwepo, ila haukuchukuliwa. Faili lisafiri kwa flashi. Likilazimika kupita WhatsApp, litume kama dokumenti, maana likitumwa kama picha linabanwa na nusu ya kazi yako imekwisha kabla hujaanza.

Kama huna skana, aplikesheni ya simu ya PhotoScan ya Google hupiga picha kadhaa kutoka pembe tofauti na kuziunganisha ili mng'ao wa taa utoke. Inafaa unapokuwa Kondoa kwa shangazi asiyetaka albamu itoke nyumbani kwake. Na kiangazi cha huku, futa kioo cha skana kila baada ya picha mbili tatu. Kila punje ya vumbi uliyoiacha pale utaifuta baadaye kwa brashi, moja baada ya nyingine.

Picha ya kadi yenye mhuri begani

Familia nyingi za Bahi, Chamwino au Mpwapwa, picha pekee ya babu ni paspoti iliyobandikwa kwenye kadi. Ikiwa ni kadi ya chama cha TANU, basi picha ilipigwa kabla ya Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM. Huwa ni ndogo, nyeusi na nyeupe, karatasi imeingia manjano, na mhuri wa bluu au zambarau umepita begani, wakati mwingine hadi shavuni.

Hapa siri iko kwenye chaneli. Ndani ya kompyuta picha ya rangi ni picha tatu zilizolaliana: nyekundu, kijani na bluu. Doa la manjano au kahawia huonekana sana kwenye chaneli ya bluu, na kwenye nyekundu karibu linapotea. Wino wa bluu ni kinyume chake: hufifia kwenye chaneli ya bluu. Mhuri wa zambarau unabadilikabadilika, hivyo pitia chaneli zote tatu uone unapofifia zaidi. Ukitengeneza leya (tabaka la picha) moja kutoka chaneli nyekundu kwa ajili ya picha nzima, halafu leya ya pili kutoka chaneli ya bluu iliyofunikwa isionekane isipokuwa pale penye mhuri, kazi kubwa imeisha bila kugusa brashi. Ndiyo maana nasisitiza kuskani kwa rangi. Ukiskani kwa kijivu, umezitupa chaneli mbili kabla ya kujua kama utazihitaji.

Photoshop, GIMP na Photopea zinaifanya kazi hii sawasawa. Snapseed haina leya wala chaneli za kutenganisha, kwa hiyo inatoka mapema. Akili mnemba ndiyo mbaya kuliko zote hapa, kwa sababu haijui mhuri ni nini. Nimeshauona mhuri ukigeuzwa kola ya shati. Kwa picha za namna hii sioni sababu ya mtu kulipia chochote.

Baada ya mhuri hubaki mikwaruzo. Photoshop ilileta brashi ya kuponya, Healing Brush, mwaka 2002 katika toleo la 7, na hadi leo ndiyo laini kuliko nyingine zote: unaweza kuipaka kwenye leya tupu juu ya picha, na ukikosea unafuta leya tu. GIMP ina zana ya Heal inayofanya kazi ileile, ila njia salama ni kunakili leya ya picha kwanza na kufanyia kazi nakala. Ukitumia brashi kubwa kwenye kompyuta ya zamani, utaiona inasitasita. Tofauti ipo, lakini ni ya kasi na starehe. Mteja akiangalia picha iliyochapwa hawezi kukuambia ilitoka programu gani.

Harusi iliyogeuka nyekundu

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zilizokaa albamuni gizani mara nyingi hupoteza rangi ya samawati mapema kuliko nyingine, ndiyo maana shela, kanzu na keki vyote vinabaki vyekundu. Wengi wanadhani ni kazi ngumu. Ni rahisi kuliko mikwaruzo. Kinachotakiwa ni kutanua kila chaneli peke yake, kutoka nyeusi yake hadi nyeupe yake. Photoshop ina amri ya Auto Tone. GIMP ina White Balance kwenye menyu ya rangi, na matokeo yanakaribiana sana. Photopea inafuata nyayo za Photoshop karibu kwa kila menyu. Hata Snapseed, kwa kutumia mikunjo (Curves) ya chaneli moja moja, inafika mahali pazuri, na kwa mtu mwenye simu tu ndiyo kazi ninayomshauri aifanye mwenyewe bila kuja studio.

Angalizo moja: ardhi yetu ni nyekundu kweli. Harusi iliyopigwiwa picha uani Hombolo haikufanyikia kwenye zulia la kijivu. Ukiona udongo umepauka na majani ya mbuyu yamekuwa ya bluu, umepitiliza. Punguza nguvu ya leya ya marekebisho hadi asilimia 70 hivi, kisha uangalie ngozi za watu, usiangalie nguo.

Karatasi yenye vinundu

Kuna picha za studio zilizochapwa kwenye karatasi yenye vinundu kama sega la nyuki. Zikiskaniwa, vinundu vinatoa vivuli na uso unajaa madoa. Dawa yake ni kuiskani mara mbili, ya pili ukiwa umeizungusha kichwa kielekee chini, kisha unaizungusha irudi wima kwenye kompyuta na kuilaza juu ya ya kwanza kwa uwazi wa asilimia 50. Taa ya skana hutoka upande mmoja, kwa hiyo vivuli vya skani ya pili vinaangukia upande wa pili na kufutana na vya kwanza. Photoshop inashinda waziwazi hapa, maana ina Auto-Align ya kulinganisha leya mbili kwa kubofya tu. Kwenye GIMP utazisogeza kwa mkono, pikseli kwa pikseli, na ukiwa na albamu nzima ya namna hiyo utatamani ulipie.

Mchwa na kioo

Picha iliyogandia kwenye kioo usiibandue. Rangi yenyewe ndiyo iliyoshika kioo, na ukivuta unaacha uso wa mtu kwenye kioo na karatasi nyeupe mkononi. Iskani pamoja na kioo chake. Tatizo ni kwamba skana nyembamba, na mashine nyingi za steshenari, zina kihisi aina ya CIS kinachoona vizuri kile tu kilichogusa kioo cha skana. Picha ikiwa juu kwa milimita mbili, inatoka na ukungu. Skana za kihisi cha CCD, kama Epson V600, zinavumilia umbali huo, tena hiyo inaskani na negativu. Kama huipati, piga kwa kamera nzuri dirishani, mwanga ukitoka ubavuni. Hakuna programu katika hizi itakayoondoa ukungu huo kwa haki.

Kwa mchwa, jiulize wamekula nini. Wakila kona yenye ukuta, anga au ardhi, Photoshop ina Content-Aware Fill, iliyoingia mwaka 2010 na toleo la CS5. Inajaza kwa kutumia kilichopo kwenye picha yenyewe na haihitaji intaneti. Photopea ina ya kwake. GIMP haina ya ndani, lakini kuna kiongezi (plugin) kiitwacho Resynthesizer. GIMP 3.0 ilipotoka Machi 2025 viongezi vya zamani vilihitaji kuandikwa upya, kwa hiyo kabla ya kuhama hakikisha unavyovitegemea vina toleo jipya. Snapseed inaziba vitundu vidogo tu, tena yenyewe ndiyo inayochagua pa kuchukulia kiraka, na wakati mwingine inachukua kifungo cha shati na kukiweka shingoni.

Photoshop pia ina Generative Fill, iliyokuja 2023, inayotuma kazi kwenye seva za Adobe na kubuni kilichokosekana. Kwa kona ya ukuta ni nzuri mno. Kwa miguu iliyoliwa ya watu waliopanga mstari shuleni Kongwa mwaka wa zamani, itawavalisha viatu watu ambao huenda walisimama peku. Hapo mimi nakata picha magotini. Kukata ndiyo zana inayodharauliwa kuliko zote, na iko bure kila mahali. Na mchwa wakiwa wamekula uso mzima wa mtu, napaacha patupu, kwa rangi iliyotulia isiyovuta macho.

Uso

Hapa ndipo akili mnemba inapotangazwa zaidi, na ndipo ninapoikataa zaidi. GFPGAN, iliyotolewa na watafiti wa Tencent mwaka 2021, ilifundishwa kwa FFHQ, mkusanyiko wa picha 70,000 za nyuso zilizotolewa Flickr. Ukiipa uso wenye ukungu, haiutoi ule ukungu. Inachora uso mpya unaoweza kukaa ndani ya ukungu huo, kwa kadiri ya nyuso ilizowahi kuona. Unatoka mkali, kope zinahesabika, ngozi haina hata kovu.

Sasa fikiria mzee wa Kigogo aliyepigwa picha miaka ya 1960. Ana alama ya duara kwenye paji la uso. Masikio yametobolewa na kutanuliwa, na meno ya mbele ya chini yaling'olewa kwa mila. Kwa programu hizi alama ya paji ni mkwaruzo, tundu la sikio ni mchaniko wa karatasi, na pengo ni uharibifu wa kuzibwa. Zinamwondolea yale yanayomfanya ajulikane, halafu zinaandika kwamba zimeboresha. Mama mmoja alileta picha ya marehemu baba yake iliyokwishapitishwa kwenye aplikesheni ya simu na mwanawe. Akaiweka mezani pamoja na ya asili.

"Kijana wangu, hebu nitazamie. Huyu ni mtanashati, lakini si baba. Baba hakuwa na meno haya ya chini."

"Ni kweli mama, meno yameongezwa."

"Basi yatoe."

Haikuwezekana kuyatoa, ilibidi turudi kwenye karatasi.

Kanga nazo. Maneno ya kanga yakiwa yamefifia, brashi ya kawaida itayaacha yamefifia, na mwenye kuijua methali ataisoma. Akili mnemba huyachora upya kuwa vijiherufi visivyo vya lugha yoyote. Vivyo hivyo kutia rangi picha nyeusi na nyeupe: rangi ya kanga inakisiwa, na ngozi ya watu huelekea kung'arishwa kuliko ilivyokuwa. Ukitaka rangi, muulize bibi kanga ilikuwa ya rangi gani, kisha ipake mwenyewe kwenye leya, iwe kwenye GIMP au popote.

Ndani ya kundi hili zenyewe hazilingani. Remini ni rahisi kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha uso kwa ujasiri zaidi katika nilizotumia. MyHeritage angalau inaweka alama ndogo pembeni kuonyesha kwamba picha imeboreshwa au imetiwa rangi, jambo ninaloliheshimu. CodeFormer ina kipimo cha kuchagua kati ya uzuri na uaminifu kwa picha ya asili, na ukikisukuma upande wa uaminifu inatulia. Lakini leseni yake hairuhusu biashara, kwa hiyo mwenye studio hana haki ya kuitoza pesa. GFPGAN unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako bila picha kutoka nje, ila bila kadi nzuri ya grafiki utakunywa chai ukingoja.

Mteja akitaka akili mnemba kwa nguvu, ninaiweka kama leya juu ya picha ya asili, nguvu yake (opacity) ikiwa chini ya asilimia 30 ili ionekane kwa mbali tu, halafu nafuta macho, mdomo, masikio na paji. Kinachobaki ni ulaini kidogo wa mashavu na shati. Wengi hupokea na kushukuru.

Pesa, umeme na bando

Photoshop tangu 2013 inauzwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Unahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni na kompyuta yenye RAM isiyopungua GB 8. Kuna za kukraki mjini kwa bei ya soda. Sizishauri, na hapo sisemi habari ya sheria tu: kompyuta iliyobeba picha za familia za watu si mahali pa kuingizia faili usilojua limetoka wapi. GIMP ni bure kabisa, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na kwenye mashine ya GB 4 inatembea. Kasoro yake kwetu ni umeme: haihifadhi yenyewe kila baada ya muda, ukikatika umepoteza ulichofanya tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Photoshop huweka nakala ya dharura kila dakika chache. Kwa hiyo mtumiaji wa GIMP bila UPS (betri ya akiba) azoee kubonyeza Ctrl na S kama tasbihi.

Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, ina matangazo pembeni, na ni bure. Watu huogopa kwamba picha inapakiwa mtandaoni. Kwa kazi za kawaida haiendi popote, inashughulikiwa kwenye kompyuta yako, na bando linaliwa wakati wa kufungua ukurasa tu. Inasoma na kuandika faili za PSD, yaani za Photoshop, kwa hiyo ukianza nyumbani kwa Photopea, studio yenye Photoshop inaweza kuendelea pale ulipoishia. Faili la TIFF la dpi 1200 la picha kubwa ndilo linaloilemea. Kuna pia Affinity, ambayo tangu Oktoba 2025 ni bure kwa mwenye akaunti ya Canva, na kwa mtu anayeanza leo na kompyuta nzuri ningemwambia aijaribu kabla ya kulipia Photoshop.

Mwenye albamu moja ya familia na kompyuta ya kuazima, achukue Photopea. Mwenye kompyuta yake na subira, GIMP. Photoshop inajilipa kwa anayepokea picha za watu kila wiki, hasa za karatasi ya vinundu na za mchwa. Kwa simu pekee, Snapseed kwa rangi na vitundu, basi.

Kwa wenye studio wenzangu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na picha za watu walio hai unazozituma kwenye seva za nje si zako. Omba ridhaa kwanza, kwa maandishi ikiwezekana. Wakati wa kukabidhi, mpe mteja flashi yenye skani ghafi ya TIFF isiyoguswa, faili lenye leya zake, na ya kuchapa. Kama kuna iliyopitia akili mnemba, iandikwe hivyo kwenye jina la faili, ikae kwenye folda yake.